Laini ya Marehemu Baba

Baba alipofariki Jeddah nilijiona mtoto mwema kuliko wote. Siku ya saba tu nilikuwa nimeshavigawa vitu vyake sadaka, kama ilivyo desturi yetu: kanzu, kofia, viatu, hata simu. Simu nilimpa bawabu wa jengo. Kabla ya kuitoa niliifunga laini, sikutaka namba ya marehemu izunguke mikononi mwa watu. Kisha nikarudi Riyadh kwenye ukarani wangu wa kampuni ya ujenzi. Mafuta yalikuwa yamepanda bei, mji mzima kreni, na ruhusa tunapewa kwa kubembeleza. Mama nilimwacha na dada yangu.

Mama ana kifafa tangu usichana wake. Dawa yake haiuzwi ovyo. Zamani daktari akiandika cheti, baba anakwenda nacho dukani, basi. Lakini sheria ilikuwa imebadilika: cheti cha karatasi hakitakiwi tena, daktari anatuma kwa mtandao, na mgonjwa anatumiwa namba ya siri kwenye simu yake. Bila namba hiyo dawa haitoki. Na namba ya simu iliyoandikwa kwa mama kwenye mtandao ilikuwa ya baba, kwa sababu kwetu kila jambo la serikali huandikwa kwa jina la baba wa nyumba. Simu yake mwenyewe ilikuwa ya kuongea na ndugu Unguja. Mimi msomi wa familia sikulikumbuka hilo hata kidogo.

Aliyenikumbusha ni mfamasia wa Malaz, mtaa wa huku Riyadh. Cheti cha mtandao kinakubalika duka lolote, nikataka nichukue dawa Riyadh niipeleke Jeddah. Nikampa namba ya ikama ya mama, kile kibali chake cha kuishi.

"Ipo," alisema. "Nisomee namba iliyoingia kwenye simu."

"Simu imefungwa. Mwenyewe kafa."

"Allah amrehemu. Lakini bila namba, mafi dawa, hakuna."

Kisanduku cha dawa kiko mezani kwake, nakiona. Nikapandisha sauti, nikamtupia neno ambalo mama angelisikia angenizaba kofi. Hakukasirika. Aligeuza skrini nione mwenyewe kwamba mashine haimruhusu. Nilitamani anikasirikie, angalau tungekuwa wawili.

Kwenye kampuni ya simu wakaniambia laini ya maiti hairudi. Mama aende mwenyewe, aweke kidole, asajili namba nyingine. Nikampigia. Vidonge vilikuwa vimebaki vya siku mbili.

"Mie nimo edani, mwanangu. Sitoki."

"Mama, hii dharura. Nimemuuliza sheikh, kasema unaweza kutoka."

"Sheikh hakuolewa na babako."

Siku ya tatu bila dawa alianguka jikoni, akauma ulimi. Dada alinipigia analia, hata sikuelewa anasema nini. Nikapanda ndege bila kuaga kazini. Nilipofika sikumuuliza mama kitu, nilimshika mkono nikamtia garini. Aliweka kidole kwenye mashine ameinamisha uso, machozi yanamtiririka mbele za wanaume asiowajua. Nikasajili namba yangu, na jioni ile ile namba ya siri ikaingia. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Eda yake iliisha kwa hesabu ya watu wote isipokuwa yeye. Anasema siku ile niliyomtoa imemharibikia, na lazima ailipe. Basi kila Alhamisi anafunga. Nimemletea sheikh, akamwambia hana deni. Nimemletea daktari, akamwambia asifunge. Wote wawili aliwatilia kahawa, akawashukuru, na Alhamisi iliyofuata akafunga.

Dawa siku hizi hazitupi tabu, zinatoka duka lolote kwa dakika mbili. Anatakiwa kumeza kidonge asubuhi, mchana na usiku, na kile cha mchana wa Alhamisi hakimezi. Mimi niko Riyadh. Ikifika adhuhuri ya siku hiyo naiacha kazi mezani, nampigia dada, namuuliza kama mama kakaa, au kasimama mahali anapoweza kuanguka.