Kibuyu cha Kamba Nyeusi

Shehe aliyewaongoza wajumbe wa posa aliishusha bilauri mkekani, akajifuta midomo, akamwambia baba kwa sauti ya chini, "Bwana, umetunywesha ulevi."

Baba akasema ni tembo tamu tu, imegemwa alfajiri.

"Tamu ilikuwa hiyo ya alfajiri. Hii imeshabaleghe."

Mmoja wao akacheka. Wakainuka, wakavaa makubadhi, na posa yangu ikaondoka nao. Mimi niko nyuma ya pazia na mama, mikono inanuka tangawizi.

Skuli sikukanyaga, lakini haya nayajua tangu mwanzo wake. Baba alikuwa na sharbati yake, ikisifiwa Shumba nzima. Maji ya mnazi yakishagemwa, mabichi bado, akiyachuja kwa kitambaa, akatia tangawizi ya kuponda, ndimu, iliki na karafuu moja tu. Wazee walioacha kulewa ndio walioipenda zaidi. Inawasha koo, inapanda puani, na mtu anaondoka na akili zake kwenda kusali adhuhuri. Sisi watoto tukigombania kitambaa, tukifyonze.

Ila kibuyu cha tamu hakitiwi kali. Kinaoshwa kwa maji ya moto, kinafukizwa. Yakibaki masimbi ya jana, yale mashapo ya chini, hata kidogo, yanaichachua mpya kabla jua halijapanda. Hilo kwetu kila mtu analijua, na mgema ndiye wa mwanzo.

Mgema wetu alikuwa ami, mdogo wake baba toka nitoke, tumbo moja. Tembo kali akiwauzia wachumaji karafuu kwa siri. Asubuhi ile akatuletea kibuyu chenye kamba nyeusi shingoni, nami kamba ile naijua: ndicho cha biashara yake. Nikamnong'oneza mama. Mama akamuuliza kama kimeoshwa.

"Shemeji, mgema mimi au wewe?"

Mama akakipokea. Ilikuwa Alhamisi, baba amefunga sunna, hawezi kuonja. Gari ya Chake nayo ikachelewa na wageni. Jua likaingia uani. Kila mara nafunua kawa ya sharbati, naona vipovu vinapanda kimoja kimoja, kama kaa anayepumua topeni, na moyo wangu unapanda navyo. Nikaonja. Koo likawaka kama siku zote, nisijue linawashwa na tangawizi au na nini. Nikamwambia mama, hii inachemka bila moto. Akamwita ami. Ami akainusa, kisha akainusa tena, akasema ni povu la tangawizi, na tusimtie baba wasiwasi mbele ya wageni.

Alijua. Mtu asiyejua hanusi mara mbili.

Baba alipoambiwa maneno yale na shehe, ami alikaa mlangoni anatazama vidole vya miguu yake. Hakusema kitu. Tangu hapo watu wakaogopa hata maji ya nyumba yetu. Baba hakuchuja tena sharbati mpaka anakufa, na siku ya hitima yake kahawa ilirudi jikoni dele limejaa. Mimi nikaozwa kwa mzee aliyekuwa na wake wawili, maana hakubaki mwengine wa kubisha hodi.

Leo ami ndiye anayeadhini, na watu wanambusu mkono.

Ami, u hai na sauti unayo. Ijumaa hii, kabla watu hawajavaa viatu, simama uwaambie kibuyu kile kilikuwa cha nani.