Siku Filamu Bubu Ilipoongea Magoma

Mimi ni fundi redio, na Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi. Ndiyo maana niliombwa kutafsiri filamu Jumapili alasiri kwenye kibanda cha video cha Magoma. Kwetu mtafsiri hukaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akawasemea waigizaji wote, wanaume kwa wanawake.

Nilichagua filamu ya mapenzi ya zamani mno, ya enzi za picha bubu. Nilikuwa na sababu. Mwalimu mmoja wa sekondari, mjane niliyempenda mwaka mzima bila kuthubutu kumwambia, aliahidi kuja.

Nyumbani niliitazama mara nne, sauti nimezima, nikiamini kilichomo ni muziki tu. Maandishi yote ya kwenye picha niliyatafsiri daftarini. Sehemu ya mwisho hayakuwepo. Midomo ilikuwa inacheza tu. Hapo nikaandika maneno yangu.

Kibandani mwalimu alikuwa ameshaketi katikati ya watazamaji; nikafungulia muziki. Mambo yalikwenda vizuri hadi bwana wa kwenye filamu alipomshika bibie mkono. Nikasogeza kipaza sauti, nikamsemea:

"Mwaka mzima nakutazama ukipita na madaftari yako. Nikubalie nikuoe."

Bwana naye akafungua kinywa, akaongea! Sauti yake mwenyewe, Kiingereza kitupu, spika zikatetemeka. Kumbe walikuwepo watengenezaji waliochanganya: mwanzo bubu, mwisho wa kusema.

"Fundi, bubu wako kapona!" mama mmoja akapiga kelele. Kibanda kizima kikaangua kicheko.

Mwalimu akasimama, anafuta machozi kwa kucheka. "Fundi, huyu anaomba kofia yake aende kazini. Hayo ya kuoa yametoka wapi? Na huyo dada ana madaftari gani?"

Ningeweza kuisingizia kamusi. Kichwa kilikuwa chepesi kama nimepanda bembea.

"Yametoka kwangu, mwalimu. Na madaftari ni yako."

Nilisema hivyo kipaza sauti kikiwa mdomoni. Vigelegele vilisikika hadi barabarani.

"Mambo hayo hayasemwi kwenye spika," akasema, akijitahidi kukunja uso na kushindwa. "Kaka yangu yuko Bungu. Tuma mshenga, kama watu."

Kisha akaja mbele, akakaa kando yangu, akamsemea bibie hadi filamu ikaisha. Mimi nilimsemea bwana, neno kwa neno, bila kuongeza langu.

Kesho yake asubuhi mshenga wangu alipanda basi la Bungu.