Mwanafunzi Wangu wa Mfano

Jamani, mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Kasense, na nilikuwa najigamba kwamba mtoto mwenye akili namjua tangu anapoingia mlangoni.

Neema, binti wa mwenye duka aliyehamia kutoka Mbeya, nilimtambua siku ya kwanza: soksi nyeupe, mkono juu kabla sijamaliza swali. Milembe, binti wa wafugaji wa Kisukuma, alikuja amechelewa, ananuka maziwa, hasemi kitu. Nikamkalisha dawati moja na Neema ili akili imwambukize. Ikamwambukiza kweli! Majibu yao yakafanana mpaka makosa. Nikamkata Milembe alama kwa kuangalizia.

Tangu serikali iseme biashara ni ruksa kila mtu ana mradi wake, na wangu ni tuisheni ya jioni. Neema huja, Milembe saa hizo anarudisha ng'ombe. Basi juzi, siku ya wazazi, nikamwita Neema ubaoni ili watu wajionee matunda ya tuisheni. Nikaandika swali la sehemu, gumu kidogo, nikakunja mikono kifuani.

Neema akautazama ubao. Akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma, "naomba Milembe aje akae karibu yangu, kama darasani."

Wazazi wakaangua kicheko. Baba yake Milembe hakucheka. Alikuwa amesimama, fimbo mkononi, anamtazama binti yake, ambaye tayari alikuwa mbele yangu amekinga mkono.

Nikampa chaki.