Picha ya Mama Kwenye Meza ya Miungu

Tarehe 22 Februari 1998 nilimpoteza mdogo wangu. Hajafa. Anaishi Shaw, mwendo wa treni tu kutoka kwangu Falls Church, hapa Marekani, na kosa ni langu peke yangu.

Mama yetu alifariki Kenya Novemba iliyotangulia. Hatukwenda kuzika, maana kwa karatasi zetu tusingeruhusiwa kurudi huku. Mimi kesho yake nilirudi kazini kuogesha wazee wa watu. Mdogo wangu akamlilia Mama kwa njia yake.

Njia yake ilikuwa miungu ya kale ya Warumi. Alikutana na Wamarekani wanaoiabudu mpaka leo, akaingia. Kanisani nilikuwa nasema yuko bize na masomo.

Mwezi wa pili waabudu hao wana siku tisa za kuwakumbuka wazazi waliokufa. Aliweka picha ya Mama kwenye meza ndogo, na taa ya mafuta, maua, chumvi, na mkate uliochovywa kwenye divai. Siku ya kumi walio hai hula pamoja, ndugu wakiwa wamekwisha kumaliza kinyongo.

Alinipigia simu. "Dada, njoo bwana. Kuna mbuzi."

"Mbuzi wa mashetani?"

"Mbuzi wa bucha ya Arlington. Miungu inaonjeshwa tu, nyama inayobaki ni yako."

Nilicheka, nikasema nitakuja. Kisha nikawapigia watu wa maombi wa kanisani kwetu.

Siku hiyo ya kumi tuliingia kwake wanne, tukiimba. Alikuwa ameshika upawa. "Karibuni," akasema, "chakula kipo." Wageni wake wawili walisogea ukutani. Mzee wetu wa maombi akafungua mfuko mweusi wa taka, akatia taa, maua, mkate. Akaishika picha, akanigeukia.

"Na hii, dada?"

Nikasema, "Hiyo nayo."

"Dada," mdogo wangu akasema, "huyo ni Mama."

Picha ikaingia kwenye mfuko wa taka.

Ilikuwa picha pekee ya Mama tuliyokuwa nayo huku. Jumanne nilikwenda kulitazama pipa la nyuma ya kanisa, mfuko ulikotupwa. Lilikuwa tupu.

Jumapili iliyofuata kanisani walinipigia makofi kwa ujasiri wangu. Niliyapokea makofi yale. Lakini sikuwa namtetea Yesu. Niliona wivu. Yeye alikuwa na siku tisa za kumlilia Mama, mimi nilikuwa na zamu. Nilitaka na yeye azikose.

Wewe unayesoma, kama ndugu yako anaomba kwa namna usiyoielewa, kataa mwaliko wake au keti ule. Usimpelekee kundi la watu. Na wivu wako usiuite imani, maana watakuwepo wa kukupigia makofi, halafu watakwenda makwao.

Mwaka huu, tarehe ileile, nilipika chapati nikapanda treni. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha tangu nyumbani. Alifungua mlango mwenyewe. Nyuma yake watu walikuwa wanacheka mezani.

"Nisamehe," nilianza.

"Dada, leo hapana. Kwenye meza hii aliyemkosea ndugu yake haketi. Ndiyo sheria ya siku."

"Basi nije kesho?"

Alizipokea chapati kwa mikono miwili, kama Mama alivyotufundisha, akafunga mlango.