Fundi na Tundu la Sindano

Dukani kwake, fundi cherehani huyu hutia uzi kwenye sindano bila hata kuitazama, mdomo ukiendelea na habari za mtaa. Leo yuko kwenye mtihani, maana bila cheti hapewi kazi ya kushona sare za shule. Anaulamba uzi, anaulenga kwenye tundu, unapita pembeni, anaulamba tena. Msimamizi, mteja wake wa zamani, anashangaa: mikono si ni ile ile? Ananyofoa kifungo cha shati lake mwenyewe.

"Mama, nisaidie, kimetoka."

"Mtu mzima unatembea kifua wazi! Simama wima."

Uzi ukapenya mara moja. Akashona huku akisimulia ugomvi wa majirani, akaukata uzi kwa meno.

"Haya mwanangu, turudi kwenye mtihani," akasema, na papo hapo sindano ikamponyoka.