Pazia la Kanga Ndani ya Gari Langu

Nichekeni sasa hivi mmalize, maana mbele huko mimi mwenyewe hadi leo sipaoni pa kucheka. Mimi Masanja, fundi wa hapa Bariadi, ninayetengeneza magari ya watu na kuwafokea wasiopima oili, ndiye nusura nimchome mama mkwe wangu akiwa hai, tena ndani ya gari nililolijenga kwa mikono yangu.

Gari lenyewe ni lile jekundu la chini chini, viti viwili tu, mwili wa faiba. Injini na giaboksi nilivitoa kwenye kigari kilichopata ajali, nikavifunga nyuma ya viti ili liwe la mashindano (nishindane na nani Bariadi hii, msiniulize). Wiki ya harusi ya shemeji yangu nikalipaka rangi upya, na katika kulipendezesha nikaona kitundu kidogo juu ya giaboksi. Nikasema hiki kitaingiza vumbi, nikakiziba kwa gundi ya chuma.

Jumamosi ya harusi, asubuhi, nikakuta matone ya oili sakafuni. Fundi mwenye akili anaifuta giaboksi yote ikauke, anaipaka unga, anawasha gari kidogo, halafu anaangalia unga umelowa wapi. Hivyo ndivyo ninavyowafundisha wenzangu. Mimi nilikaza bolti ya chini, basi. Oili ilikuwa imepungua, na mwenye duka la spea ni Msabato, Jumamosi hafungui, kwa hiyo nikaingia jikoni kwa mke wangu (yeye alishatangulia kanisani na bibi harusi), nikachukua mafuta ya pamba, yale ya kukaangia, nikajazia. Niliona safari yenyewe ni fupi, namfuata mama mkwe Ngulyati namleta kanisani.

Tatizo likawa viti. Kwetu mkwe wa kiume hakai bega kwa bega na mama wa mke wake wala hamtazami usoni, na yeye akiwa na neno anampa binti yake alilete. Miaka minane ya ndoa, mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, alikuwa hajanitamkia hata neno moja. Mtu mwingine angemkodia bajaji. Mimi, kwa kuwa nilitaka Ngulyati nzima ilione gari, nikatundika kanga katikati ya viti, yeye kwake, mimi kwangu. Wanawake wa pale nyumbani wakanisifu sana kwa heshima. Jirani yake akamfunga mkanda, akampakatisha hotpoti la maandazi, tukaondoka.

Hatujafika mbali nikasikia harufu ya kukaanga. Nikajua ni maandazi. Nyuma ya kanga mayu akakohoa, akakohoa tena, akavuta kamasi, nikasema moyoni maskini analia, binti yake wa mwisho anaolewa leo, nikaongeza mwendo ili awahi. Gia ya tatu ikagoma. Nikalazimisha, chuma kikasaga huko nyuma, na masikio yangu yanaijua sauti hiyo. Nikatazama kwenye kioo. Barabara haikuwepo, kulikuwa na moshi mtupu.

Nikasimama karibu na mashine ya kusaga, nikaruka nje. Chini ya giaboksi moto ulikuwa umeshashika, mdogo, wa bluu, na tangi la petroli halikuwa mbali nao. Nikazunguka nikafungua mlango wa mayu. Amejifunika uso kwa kitenge, anakohoa, anahangaika na kufuli la mkanda. Kufuli hilo nililitengeneza mwenyewe, gumu, na asiyelijua halifungui. Ili nilifungue ilinibidi niingize mikono mapajani mwake.

Sasa nawaambia kitu ambacho hata mke wangu nilichelewa kumwambia. Nilisimama. Mama wa watu anaungua, na mimi nimesimama natafuta kwa macho mwanamke wa kunisaidia, mkojo umenipenya kidogo. Wanawake wa foleni ya mashineni walikuwa wameshakimbilia mbali, na mmoja tu ndiye aliyeniambia, "Mtoe huyo mama. Atakufa na heshima zako."

Nikaingiza mikono. Kufuli lilikuwa la moto, likaniponyoka mara mbili, la tatu likaachia, nikambeba mama mkwe wangu kifuani, kilemba kimeanguka, kitenge kinaburuta, maandazi yanabingirika, nyuma yetu kanga inawaka. Watu wakamwaga mchanga hadi moto ukafa. Katika foleni ile walikuwemo wawili wenye sare za harusi yetu, kwa hiyo habari ilifika kanisani kabla yetu.

Nililala chini ya gari nikaona kosa langu lote. Giaboksi ikichemka hewa yake hutokea kwenye kile kitundu, nami nilikiziba, ikasukuma sili ya shafti, ule mpira unaozuia oili, hadi ikatoka, na mafuta yakawa yanamwagikia ekzosi.

Mayu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mashine, gauni limeungua mgongoni, ngozi imetoa malengelenge. Nilipiga magoti mbali kidogo, nikainamisha kichwa. Akasema, uso wake akiwa ameuelekeza ukutani, "Baba, mgongo wangu ulianza kuungua tangu tunatoka nyumbani."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Ningekwambiaje? Wewe ndiye uliyeweka pazia."

Kanisani alifika kwa bodaboda, amechelewa, ananuka moshi, na kwenye picha zote amesimama upande upande kwa sababu ya mgongo. Wazee walinitoza mbuzi kwa kumshika mkwe, nikatoa bila ubishi. Kitundu nimekizibua. Siku hizi nikiona tone moja sakafuni gari halitoki, harusi na isubiri, na nikimpakia mtu yeyote, awe mkwe, awe padri, kila tukienda kidogo namuuliza kama anasikia joto.