Siku Lori la Baba Lilipovuta Hewa

Juzi nilikuwa napita Musaga, mtaa niliokulia, nikamsikia dereva mmoja akihangaika kuwasha lori la mazutu, yaani dizeli, kando ya barabara. Moteri inazunguka, inakohoa, haishiki. Wenzangu waliendelea kupiga soga; mimi, mtu mzima na miwani yangu, nilishika nguzo ya umeme nisiiachie. Ngoja nikueleze, rafiki yangu, usije ukadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Musaga ya utoto wangu ilinuka sabuni. Nyanya, mama yake baba, alipika sabuni ya mawese uani katika pipa lililokatwa nusu, na sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kukoroga mpaka mikono inakufa ganzi. Harufu ile iliingia hata kwenye maharage na isombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Ukilalamika, nyanya anakuuliza kama umewahi kusikia mtu aliyekufa kwa usafi. Baba alikuwa dereva, na lori lake lililala mbele ya nyumba, pua ikitazama mteremko. Miaka ile ya vita madereva wote wa mtaa waliegesha hivyo: batri ikigoma, unaachia breki tu, unakimbia.

Mafuta nayo yalikuja kwa madumu, machafu, na vipuri havikupatikana kwa sababu ya vikwazo vya nchi jirani. Asubuhi moja baba alifungua chujio la mazutu akaliosha. Mpira wa kuzibia ulipokatika, akakata mwingine kutoka mpira wa ndani wa tairi. Kila dereva alifanya hivyo, tena alijisifu. Hajamaliza kufuta mikono, bunduki zikaanza kulia juu vilimani, na safari hii hazikunyamaza.

Kukimbia tulikuwa tumezoea. Shida ilikuwa nyanya. Miguu yake ilikuwa imevimba, hata chooni alishikiliwa. Bila lori, nyanya alikuwa wa kubaki. Tukampandisha mbele na kifurushi chake cha sabuni, ambacho aligoma katakata kukiacha. Baba akawasha. Moteri ikakohoa, kimya. Akaachia breki, tukaushuka mteremko wote, lori likiruka kila gia inapoingia, mpaka chini kabisa karibu na lami. Halikuwaka. Sasa mteremko umekwisha na batri inakata roho. Watu walitupita na magodoro kichwani, kuku kwapani, mama akiwalilia, "Mutusaidie, jamani!" Baba alipiga usukani kwa ngumi mpaka vidole vikatoka damu. Sijawahi kuogopa kama siku ile nilipomwona baba analia.

Nyanya akasema taratibu, kama anayeagiza chumvi, "Munishushe. Mi nimeishi." Nilimchukia kwa maneno yale.

Jirani yetu, fundi wa magari, alikuwa mlangoni kwake hapo chini akimngoja mkewe aliyekwenda sokoni. Akaja mbio na spana yake. Akalegeza skrubu ya juu ya chujio, akapiga pampu ya mkono. Badala ya mazutu likatoka povu, na povu, na povu.

"Shoferi, kamio iko inavuta hewa. Ule mupira wako hauzibi. Mama, unipatie sabuni!"

Nyanya, ambaye hakuwahi kumpa mtu kipande cha bure, akatoa mche mzima. Fundi akaufinyanga, akaupaka kuzunguka kiungo chote cha chujio, maana mazutu haiyeyushi sabuni. Akapiga pampu, mama akapokea, nami nikapokea, mpaka povu likapungua na mazutu safi ikatoka. Wanaume waliokuwa wakipita wakatua magodoro yao, wakasukuma. Lori likatema moshi mweupe, likanguruma. Nilipiga vigelegele, risasi zikilia.

"Panda," baba akamwambia fundi.

"Apana. Muke wangu akinikosa nyumbani atafanya nini? Peleka mama kwanza. Usizime moteri, hii sabuni haitakaa. Utaturudilia."

"Nitawarudilia," baba akasema.

Tulifika mjini kwa ndugu zetu, tukamshusha nyanya. Baba akageuza lori palepale, lakini askari walikuwa wamefunga barabara ya kusini, ile ya kurudi Musaga. Akaegesha karibu na kizuizi, moteri ikiwaka. Mama alimfuata akamwomba azime. Mazutu ilikuwa haionekani mjini, na ile ya kwenye tangi ndiyo iliyobaki. Baba alikaa kwenye usukani akiwatazama askari wale, mkono kwenye gia, mpaka tangi likakauka na lori likazima lenyewe.

Barabara ilipofunguliwa, tulikuta nyumba ya fundi iko wazi. Yeye hakuwepo, wala mkewe, na hakuna aliyetuambia waliko. Nyanya hakupika sabuni tena. Siku hizi pale pana maduka ya simu na nyumba za vigae, na watoto wanacheza mpira, nami sijui hata pa kuelekeza macho kuitafuta nyumba ile. Juzi, nilipoiachia nguzo ile, niliingia duka moja nikauliza kama kuna anayemkumbuka fundi aliyekuwa akikaa mtaa huu. Kijana wa duka akatoka mbio kunisaidia.

"Mama, gari yako imeharibikia wapi?"